Vitoto vya Maboga Havichorwi

Mhandisi alinyoosha kidole, darasa zima likapiga kelele.

"Kunja! Dada, kunja kidole!"

Akaurudisha mkono upesi kama aliyegusa sufuria ya moto. Ukutani palikuwa na picha ya shina la boga, kubwa kuliko mlango, iliyoletwa na kioo cha kuonea ndani ya mimea kutoka matuta ya chini. Ungeweza kuona ndani ya shina, maji yakipanda kwenye mirija yake kama watu wanaopandisha mlima kwa mstari. Nyuma ya ua moja la njano kilining'inia kitoto cha boga, na hicho ndicho alichokuwa amekielekezea kidole, kimenyooka kabisa.

"Nimefanya nini?"

"Umekinyoshea," akasema Kirangi, mtoto asiyeweza kunyamaza hata akilala. "Sasa kitaoza."

"Kitaoza kwa kidole?"

"Kwenu hamfundishwi?"

"Kwao Tukuyu," mwingine akamjibu, "wanakula ndizi. Ndizi hata ukiipiga teke haisikii."

Wakacheka, na mhandisi naye akacheka. Jina lake Tusekile, binti mwembamba mwenye viatu vya matope, aliyetumwa kuchunguza kwa nini maboga yetu yanakauka. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma nachonga penseli. Shuleni kwetu siku ya kuchora lazima awepo bibi mmoja wa kuwatajia watoto majina ya mimea, maana kioo kinaona ndani ya kila kitu lakini hakijui kukiita. Mimi shule niliiacha darasa la tatu, lakini majani nayajua.

"Haya, nionyesheni mnavyokionyesha nyie," akasema Tusekile.

Watoto wote wakainua ngumi, kidole kimekunjwa, wakakielekeza kitoto cha boga kwa kifundo. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa sisi, na ndivyo nilivyowafundisha wao. Kitu ambacho hakijakomaa hakinyoshewi kidole.

Akaomba michoro yote ya msimu. Akaitandaza sakafuni, akaizunguka akiwa amechutama. Majani yalikuwepo, na vinyweleo vyake, na mizizi yenye ncha kama pua za panya. Lakini nyuma ya kila ua jike, pale penye kitoto, karatasi ilikuwa nyeupe.

"Na hapa?"

"Hapo hapachorwi," akasema Kirangi. "Kuchora si ndiyo kunyoshea? Tena kwa penseli, yenye ncha!"

Tusekile hakucheka tena. Alikaa chini kabisa, kwenye vumbi la chaki.

*

Aliyekuja kutoka mbali hawezi kuelewa bila kumjua Bwana Zamu.

Zamani maji ya ndiva, lile bwawa letu la mawe pale juu, yaligawanywa na wazee. Usiku linajaa, asubuhi linafunguliwa, leo zamu ya huyu, kesho ya yule. Mvua zilipoacha kuja kwa wakati wake zamu zikawa vita. Baba yangu mdogo alipigwa jembe la bega kwa sababu ya mfereji usiojaza debe. Ndipo serikali ikatuletea mashine, ikajengewa kibanda kwenye ukuta wa ndiva, nasi tukaiita Bwana Zamu. Yeye hana ndugu wala hapokei jogoo. Anatazama mashamba kwa vioo, anafungua koki kwa anayehitaji, anafunga kwa asiyehitaji.

Shida yake ni kwamba anaona mno. Kioo kinamwonyesha kila chembe ya kila jani la kila tuta, na mwenye kuonyeshwa vyote kwa pamoja hajui atazame kipi. Waliomtengeneza walihangaika sana, mpaka wakagundua kwamba mtoto mdogo, ukimpa picha ya ndani ya jani na penseli, anachora kile chenye maana na kuacha mengine. Mtu mzima anataka kuchora vyote ili asifiwe. Basi Bwana Zamu akafundishwa kufuata mkono wa mtoto. Anachochora mtoto, anakitazama. Anachoacha, anakiacha.

Na mikono haichanganywi, la sivyo anavurugikiwa. Kila kijiji kina mtoto mmoja kwa msimu mzima. Wengine wanachora kujifunza, huyo mmoja ndiye Mkono. Mkono wetu alikuwa mjukuu wangu, Naghenjwa, wa miaka minane.

"Bibi," Tusekile akaniambia pembeni, watoto walipotoka, "ndiyo maana mashina yenu yanakauka. Bwana Zamu anayaona hayajabeba kitu. Anadhani ni majani matupu, anayanyima maji, anayapeleka kwingine."

"Na dawa yake?"

"Naghenjwa achore vitoto. Mchoro mmoja mzuri unatosha. Nikimleta Mkono wa kijiji kingine, itachukua msimu mzima kumzoea, na hapo hamtakuwa na boga la kupika wala la kuuza."

Tukamwita. Alikuja akiburuta ndala. Tusekile akamweleza polepole, vizuri tu, kama dada. Kirangi, aliyekuwa ameng'ang'ania dirishani, akatoa ushauri: "Shika penseli kwa ngumi, Naghe! Chora huku umekunja!"

Naghenjwa aliitazama karatasi. Akaiweka penseli chini, akaisukuma kwa kiganja mpaka ikaanguka upande wa pili wa meza, kisha akatoka mbio.

"Wewe ukimwamuru atachora," akasema Tusekile. "Nimemwona anavyokuangalia."

Nikamjibu ndiyo, atachora. Kilichonitia baridi ni hicho.

*

Kabla jua halijapanda sana kesho yake, Mwenyekiti wa ndiva alikuwa uani kwangu. Mzee Senkondo ni mtu mrefu na anapenda ujulikane urefu wake.

"Mama Nakundwa, kijiji kizima kinamngoja mtoto asiyefika kiunoni kwangu."

"Inama basi, Mwenyekiti, umwone vizuri."

"Sitanii. Mpe kiboko kimoja, achore, tumwagilie."

"Mkono uliochapwa utachora nini? Na huyo mashine wako, si atajifunza kutazama kwa woga?"

Akaguna. Akatazama upande wa jiko, ambako binti yangu Nakundwa, mama yake Naghenjwa, alikuwa anatwanga mahindi ya makande bila kuinua uso. Akashusha sauti. "Ana hali gani?"

"Kama unavyomwona."

Tangu mimba yake iharibike majira ya baridi, Nakundwa alikuwa anasema maneno ya kazi tu. Leta. Weka. Funga mlango, mbuzi wataingia. Senkondo alivua kofia, akaivaa tena, akaondoka.

Mimi na Naghenjwa tukakaa kuchambua maharage. Kwa mtoto mwenye jambo moyoni sijui dawa nyingine kuliko maharage. Mikono ina kazi, macho yana pa kutazama, na mdomo ukichoka kufungwa unafunguka wenyewe. Tulichambua mpaka ungo wa kwanza ukaisha.

"Bibi, nikichora nimefumba macho, itahesabika?"

"Sidhani."

Ungo wa pili.

"Mimi kidole changu ni kibaya."

"Kimefanya nini?"

Akakificha ndani ya ngumi, akaiweka ngumi chini ya paja. "Kule zahanati. Picha ya mtoto wa mama ilipokuwa ukutani. Nilisema, huyo ndiye? Nikamnyoshea. Nilisahau kukunja." Akaikandamiza ngumi zaidi. "Ndiyo akaoza."

Kinu kilikuwa kinapiga kule jikoni. Niliyaona maharage kwenye kiganja changu, mekundu, na sikukumbuka yalifikaje pale. Miezi yote ile mtoto alikuwa analala ubavuni kwangu na jambo hilo, na mimi namfunika shuka nikidhani anasikia baridi.

Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi: si kweli, mjukuu wangu, kidole hakiui. Nikalimeza.

Maana fikiria. Wiki ile kila mtu alikuwa anataka Naghenjwa aamini kwamba kidole hakiui. Mhandisi alitaka, Senkondo alitaka, majirani waliopita njiani walitaka, wote kwa ajili ya maji. Na mimi bibi yake, niliyemfundisha kukunja, nikimgeukia siku hiyohiyo nikamwambia yale niliyokufundisha hayana kitu, haya nenda kachore, angejuaje kwamba nasema kwa ajili yake na si kwa ajili ya koki? Angetii. Angechora. Halafu kila boga ambalo lingeanguka lenyewe, na maboga huanguka, angelihesabu kuwa lake.

Nikamvuta, nikamkalisha juu ya miguu yangu japo amekuwa mkubwa.

"Leo huchori," nikamwambia. "Na kesho huchori. Twende tu tukaangalie."

*

Tusekile alitupatia kioo cha mkononi, kile kinachofanana na mfuniko wa sufuria wenye mpini. Alitaka kubaki shuleni, lakini alipoona uso wangu akaja nyuma yetu.

Sikumpeleka Naghenjwa kwenye vitoto vilivyoning'inia. Niliinama nikaokota kile kilichokwisha kuanguka, cha rangi ya njano mbaya, laini kama sikio la mzee.

"Hiki hakina cha kupoteza," nikamwambia. "Kiangalie."

Akakiweka chini ya kioo. Tumbo la kitoto likafunguka mbele yetu bila kisu. Mbegu zilikuwepo, zimejipanga safu kwa safu, lakini kila moja ilikuwa wazi ndani, kama nyumba zilizojengwa zikakosa watu wa kuhamia.

"Mbona hakuna kitu?"

Nikamtazama Tusekile, naye akachutama upande wa pili. "Unga wa ua dume haukufika," akasema. "Ukifika juu pale kwenye ua, kila punje inateremsha uzi mwembamba mpaka kwenye mbegu moja. Uzi ukigusa, mbegu inaanza. Nyuki siku hizi ni wachache. Kuna maua wanayaruka."

"Sasa hiki kilianguka kwa sababu hiyo?"

"Shina halilishi kisichoanza."

Naghenjwa akanyanyuka mwenyewe. Akakiendea kwa kioo kitoto kilichokuwa hai, akakiangalia bila kukigusa, mikono yake yote miwili imeshika mpini. Ndani mlikuwa na nyuzi, nyeupe, nyingi, zinateremka kama mvua ya mbali, na kila mbegu ilikuwa na kidoa katikati. Akavuta pumzi. Akaenda kwa cha pili, nacho vilevile. Cha tatu kilikuwa kizuri kuliko vyote, kijani kinang'aa, ua lake mbichi bado.

Alikiangalia muda mrefu.

"Bibi. Hiki pia hakina." Akajiziba mdomo. "Nimekisema!"

"Umekisema. Kuna aliyekinyoshea?"

"Hapana."

"Mhandisi?"

"Mikono yangu iko mfukoni, Bibi."

"Basi tukingoje. Asikinyoshee mtu, wala asikichore mtu. Tuone."

Tukangoja. Jioni ile na zilizofuata nililipelekea shina lile maji yangu ya kuoshea vyombo, lisije likasemwa limekufa kwa kiu. Senkondo alinikuta na sufuria.

"Unamwagilia shina moja na hekari nzima inakauka?"

"Namngoja mtu, Mwenyekiti."

"Nani?"

"Mjukuu wangu."

Kisha akarudi kwake, na saa ileile nikamwona anapita na ndoo mbili, yeye na wanawe, wanamwagilia matuta yaliyo karibu. Hakuwa na maji ya kuchezea, yalikuwa ya mifugo yake. Kesho yake majirani wawili nao wakaja na ndoo. Hayakutosha, lakini majani ya juu yaliinua vichwa.

Asubuhi ambayo kitoto kile kilianguka nilikuwa bado nafunga kanga. Naghenjwa alikuja nacho amekilaza juu ya jani, amelibeba kwa mikono miwili. Hakuwa analia. Alikuwa na uso wa mtu anayepiga hesabu kichwani.

"Kilikuwa kijani," akasema. "Tulikiona kijani, na kilikuwa kimeshamaliza."

"Kilikuwa kimeshamaliza."

Akakaa kwenye kizingiti, jani mapajani. "Na mtoto wa mama?"

Hapo ndipo nilipomjibu, kwa sababu ni yeye aliyeuliza. Nikamweleza niliyoyaona kwa macho yangu. Kwamba nesi alipitisha kioo juu ya tumbo la mama yake, akasimamisha mkono, akaupitisha tena. Kwamba alizima sauti ya mashine taratibu, akanitazama mimi, na mimi nikajua.

"Wewe ulikuwa wapi?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Mlangoni."

"Unafanya nini?"

"Navua viatu. Kamba ilikuwa na fundo."

"Lile fundo ulihangaika nalo sana. Ulipoingia ukauliza huyo ndiye, ukanyoosha mkono, sisi sote mle ndani tulikuwa tumeshajua. Alikuwa amenyamaza kabla hujafungua viatu."

Kuku walikuja kutazama jani, akawafukuza kwa mguu.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Hatukujua kwamba unauliza, mjukuu wangu. Nisamehe."

Aliegemeza kichwa kwenye nyonga yangu. Nikasikia anapumua kwa nguvu, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni na bado mgongo haujaamini. Kisha akasema, mdomo umefunikwa na kanga yangu: "Sasa nisikunje tena?"

Swali hilo nililiogopa kuliko mengine. "Kunja," nikamwambia. "Hakitakufa kwa kidole. Lakini kingali kidogo, na vidole vya watu ni vingi. Ukikunja, unakumbuka usikiguse."

"Na kuchora?"

"Hilo utaamua mwenyewe. Ukikataa, nitakwenda mimi kumwambia Mwenyekiti."

"Utamwambiaje?"

"Nitamwambia ainame."

Akacheka, kidogo.

*

Alichora asubuhi hiyohiyo, kabla ya mapumziko ya saa nne. Watoto walikuwa wamebanana nyuma yake hata Kirangi akakosa pa kukohoa. Alianza na ua, akashuka kwenye shingo, akafika mahali ambapo msimu mzima alikuwa anaacha peupe. Penseli ikasimama. Akaibadilisha mkononi, akakikunja kidole chote cha shahada kwa ndani, akaendelea hivyo, kwa taabu, mistari inayumba. Akachora safu za mbegu. Akachora nyuzi moja moja. Na kwenye kila mbegu iliyoguswa akatia kidoa.

Halafu akachukua karatasi nyingine, bila kuambiwa, akachora na kile kilichoanguka, na mbegu zake tupu.

"Cha nini hicho?" Tusekile akauliza.

"Bwana Zamu ajue tofauti. Asije akakipa maji bure."

Tusekile alizionyesha karatasi zote mbili kwenye kioo cha ukutani, na tukakaa. Ndiva iko mbali kidogo na shule, lakini mipira mikuu ya maji inapita chini ya dirisha. Kwanza ilikoroma, ikatema hewa. Kisha ikavimba na kutulia, na tukasikia maji yanapita, yanakwenda chini.

Mzee Senkondo alikuwa wa kwanza kufika mlangoni, anahema. "Si nilisema? Nilisema huyu mtoto atachora!"

"Ulisema kiboko," akasema Kirangi.

"Nilisema vingi."

*

Mchana tulimkuta Nakundwa uani, mikono yake ina unga mpaka kwenye viwiko. Habari zilikuwa zimemfikia, zote, hata ile ya zahanati tuliyoisemea kizingitini. Majirani huleta na usichowaagiza. Naghenjwa alisimama mbali, kama mtoto aliyevunja chungu.

"Njoo," akasema mama yake.

Akaenda.

"Siku ile mimi nilifumba macho. Nesi alipozima sauti, nilifumba, na nilipofumbua picha haikuwepo tena. Sikumwona." Alikuwa anasema polepole, anatafuta maneno kama mtu anayepapasa kiberiti gizani. "Wewe ulimwona."

"Nilimwona."

"Unamkumbuka?"

"Ndiyo, mama."

"Nichoree."

Naghenjwa alinitazama. Sikumpa jibu lolote, wala la macho. Akakaa chini pale pale kwenye mkeka wa mahindi, akalaza karatasi juu ya ungo. Upepo uliinua ncha yake, Nakundwa akachutama akaikandamiza kwa kidole gumba, ikabaki na alama nyeupe ya unga.

"Alikuwa amelala hivi," akasema Naghenjwa, na penseli ikazunguka. "Amekupa mgongo kidogo. Huku goti. Huku kisigino, kidogo sana."

"Mikono?"

"Mmoja niliuona. Ulikuwa hapa, karibu na shavu."

"Amefunga ngumi?"

"Hapana, amefungua."

Nakundwa alisogea mpaka mabega yao yakagusana. Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye unga wa mikono yake na hakuyafuta. Hakutaka kupoteza hata mstari mmoja.

"Na pua?" akauliza.

Naghenjwa akafikiri kwa bidii, akachora, akafuta, akachora tena kubwa zaidi.

"Pua ya Bibi."

"Maskini mwanangu," akasema Nakundwa, na akacheka, kwa sauti, mpaka mbuzi wakageuka.